Zinki Ipake, Usiisugue

Masika iliyopita aliingia binti mmoja kwenye duka langu la dawa hapa Pongwe, Tanga, mtoto mgongoni, mkononi kikopo cha mafuta ya mgando. Akaniamkia, nikaitikia, kisha bila kuzunguka akasema, "Mama, ile zinki yako imemuunguza mtoto." Nikafungua kikopo. Mafuta yalikuwa na vipunje vyeupe kama chenga za mchele. Kumbe jirani alimwambia mtoto akichubuka kwa nepi anapakwa zinki, naye zinki alikuwa nayo nyumbani: vile vidonge nilivyompa mimi mwenyewe, pamoja na pakiti za maji chumvi, mtoto alipoharisha. Akavitwanga, akavichanganya na mafuta, akapaka siku tatu. Nikamwambia amlaze mtoto kwenye benchi tumtazame. Ngozi nyekundu, inang'aa, na kwenye mikunjo ya mapaja imeanza kutoa maji.

Sikumgombeza, maana nusu ya kosa ilikuwa yangu. Siku ya vidonge nilimwambia "hii ni zinki, kimoja kwa siku, siku kumi," basi, nikamgeukia mteja mwingine. Zinki ni jina la madini, na madini hayohayo hutengenezewa vitu vingi ambavyo haviwezi kushikiana zamu. Huu ni mwaka wangu wa 14 kaunta. Mimi si daktari. Nilipata mafunzo ya duka la dawa muhimu, mpango ule ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, na ninajua wapi pa kuishia na wapi pa kumwambia mtu apande bajaji aende hospitali. Haya ninayoandika ndiyo ninayoyasema kila siku, ila hapa hakuna foleni nyuma yako.

Zinki ya kupaka ni ipi

Ile ya ngozi ni zinki oksaidi. Kwenye kopo imeandikwa kwa Kiingereza, zinc oxide, mara nyingi na asilimia yake pembeni. Ni unga mweupe, laini kuliko unga wa sembe, na hauyeyuki kwenye maji. Shika hilo la kutoyeyuka, ndiyo siri yake yote. Vidonge vya mtoto anayeharisha ni zinki salfeti, ambayo huyeyuka na kwenye ngozi iliyochubuka inachoma. Ile ya shampuu ya mba ni zinki nyingine tena. Kwa hiyo ukisoma lebo usiishie neno la kwanza.

Marhamu ya zinki ya kawaida ina asilimia 15. Iliyochanganywa na mafuta ya mnyonyo ina 7.5. Krimu za nepi za madukani zinatofautiana sana, nyingine hufika 40. Kisha kuna pasta nzito ya zinki na wanga, aliyoianzisha daktari wa ngozi wa Kijerumani, Oskar Lassar. Ile pasta ya asili ina asidi salisiliki ndani yake, kitu cha kulainisha na kubandua ngozi ngumu. Haifai kabisa matakoni kwa mtoto mchanga. Mara mbili nimeletewa pasta hiyo iliyotoka kabatini kwa babu mwenye ugonjwa wa ngozi, mama anataka kumpaka mtoto kwa sababu "si zinki hii?" Ni zinki, lakini haiko peke yake.

Kazi yake ni kukaa juu

Huku Tanga chokaa tunaijua. Ukipaka ukuta chokaa, hutaki iingie ndani ya tofali, unataka ikae juu ipokee mvua na jua badala ya tofali. Zinki oksaidi hufanya vivyo hivyo kwenye ngozi. Mkojo, kinyesi, jasho, msuguano wa paja na paja, mionzi ya jua, vyote vinakutana na zinki kwanza. Pia hukausha unyevu kidogo na kutuliza muwasho. Lakini kazi kubwa ni ule ukuta.

(Nimetaja chokaa kwa mfano tu. Chokaa yenyewe inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni hatari kubwa. Asije mtu akachota ya kupakia nyumba.)

Makosa mengi ninayoyaona yanatokana na mazoea yetu ya mafuta. Mafuta ya nazi tunayasugua mpaka yanywewe, ngozi ing'ae, ndipo tunaona tumejipaka. Ukiifanyia zinki hivyo umeuvunja ukuta kabla haujasimama. Zinki inatandazwa, kama unavyotandaza siagi kwenye mkate wa mtoto usiyemnyima. Ukimaliza, ngozi ionekane nyeupe. Watu hulalamika "mbona haiingii?" Ndiyo, haiingii.

Na hapo ndipo ulipo usalama wake pia. Wapo wanaoniuliza kama madini haya hayapenyi yakaingia kwenye damu, hasa zile krimu za kisasa ambazo chembe zake zimesagwa ndogo mno, wanaziita nano. Mwaka 2010 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 20 waliopakwa mafuta ya jua ya zinki ufukweni kwa siku 5, zinki hiyo ikiwa na alama ya kuitambua. Kwenye damu na mkojo walikuta kiasi kidogo sana chenye alama, kidogo mno ukilinganisha na zinki ambayo mwili unayo tayari. Maana mwili wa mtu mzima una gramu 2 hadi 3 za zinki, tunaila kwenye nyama, dagaa na maharage. Februari 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipitia viambato 16 vya mafuta ya jua, ikapendekeza viwili tu vihesabiwe kuwa salama na vyenye kufanya kazi kwa ushahidi uliokuwapo: zinki oksaidi na titani dioksaidi, mpaka asilimia 25. Kwa 12 kati ya vilivyobaki ilisema taarifa hazitoshi. Kwa duka dogo kama langu, hiyo inatosha kuniruhusu nimpe mama mjamzito zinki bila kusitasita.

Mtoto wa nepi

Nirudi kwa yule mtoto wa benchini, kwa sababu nilimfundisha mama yake palepale na nitaeleza hivyohivyo.

Kwanza tulimwosha kwa maji ya vuguvugu matupu. Siyo sabuni, siyo zile karatasi zenye manukato. Maji na pamba. Halafu tukamkausha kwa kugusagusa na khanga laini. Ukifuta kwa nguvu ngozi iliyochubuka inatoka nayo. Kisha, na hili ndilo kina mama hawana subira nalo, tukamwacha wazi. Dakika kumi, amelala kifudifudi juu ya khanga, feni inazunguka, anapiga miguu yake hewani amefurahi. Ukipaka zinki juu ya ngozi mbichi yenye maji, unafungia maji ndani.

Alipokauka nikachota marhamu kwa kidole safi, nikatandaza matako yote na mikunjo ya mapaja, mpaka nyekundu haionekani. Mama yake akashtuka kwa wingi. Nikamwambia, hiki ndicho kiasi, na kila ukibadilisha nepi unarudia. Nepi yenyewe isikae zaidi ya saa mbili tatu, na ikichafuliwa na choo kikubwa usingoje hata dakika tano.

Zamu inayofuata, usikwangue zinki yote iliyobaki. Ondoa ile tabaka iliyochafuka tu, ile nyeupe safi iliyoshika ngozi iache, uongeze juu yake. Watoto wengi hawaponi kwa sababu mama anasugua nyeupe yote kila saa mbili akidhani ni uchafu, na ngozi mpya inabanduka kila anaposugua. Ukitaka kweli kuiondoa yote, mathalani jioni, chovya pamba kwenye mafuta ya nazi, pitisha taratibu, itakuja. Maji peke yake hayaiwezi.

Sasa lile ambalo zinki hailiwezi. Ukiona wekundu mkali umejikita ndani ya mikunjo, na pembeni yake kuna vipele vidogo vimetawanyika kama visiwa kando ya bara, hao ni fangasi. Zinki peke yake itawafunika tu. Hapo inahitajika krimu ya klotrimazoli kwanza, nyembamba, iachwe inywewe, ndipo zinki itandazwe juu. Hapa tunasugua na hapa tunatandaza, kwa mpangilio huo. Nilipokuwa mgeni kazini nilimpa mama mmoja zinki wiki nzima kwa fangasi, kila akirudi namwambia "ongeza." Yule mtoto aliteseka bure kwa sababu yangu. Siku hizi kipimo changu ni siku tatu: zinki ikipakwa vizuri siku tatu na hakuna nafuu, tunatafuta sababu nyingine. Malengelenge, usaha, homa, au mtoto wa chini ya mwezi mmoja: hospitali siku hiyohiyo, sipimi.

Yule wa masika alipona siku ya nne.

Wakubwa nao

Zinki si ya watoto peke yao, ila wakubwa wanaona haya kuiulizia. Wanaume wanene wanaotembea kwa miguu kwenda mashambani huchubuka mapajani. Kina mama huungua chini ya matiti kipindi cha joto kali, Januari mpaka Machi. Dawa ni ileile: osha, kausha vizuri, tandaza usiku, vaa pamba. Mikunjo ikitoa harufu au kuwasha sana, angalia fangasi kama nilivyosema.

Kuna wazee wasioamka kitandani na wasiozuia mkojo. Kwa hao zinki ni hifadhi kubwa, na anayeuguza atashukuru. Lakini akianza kidonda chenye shimo, kiunoni au kwenye kisigino, usijaze marhamu ndani. Hicho kinataka muuguzi na kumgeuza mgonjwa kila saa mbili. Vivyo hivyo moto: mtu akiungua leo, maji ya bomba ya kutiririka dakika 20, si zinki, si dawa ya meno, si asali.

Halafu kuna ile losheni ya waridi, kalamaini. Wengi hawajui kuwa nayo ni ya zinki. Rangi yake inatokana na oksidi ya chuma kidogo tu. Wateja wangu wakubwa wa kalamaini ni watu wa mkonge. Utomvu wa mkonge una fuwele ndogo kama sindano, na mtu anayekata majani siku nzima hurudi mikono imejaa vipele na muwasho wa kumkosesha usingizi. Ninamwambia aoshe kwanza kwa maji mengi na sabuni, maana kupaka juu ya utomvu ni kuufungia, ndipo atikise chupa vizuri na kupaka kwa pamba, aache ikauke yenyewe. Kutikisa ni lazima: unga unalala chini, na asiyetikisa anapaka maji mwezi mzima, mwisho anabaki na tope chini ya chupa. Inafaa pia harara ya watoto, kuumwa na wadudu, na tetekuwanga. Isikaribie macho wala kidonda kibichi, na ngozi ikianza kukauka na kupasuka, simamisha.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, harara zetu alizitibu kwa liwa iliyosuguliwa jiweni na maji ya mawaridi. Sina ugomvi na liwa. Inapoza na inanukia. Ila usiichanganye na zinki kwenye bakuli moja. Nimeona mchanganyiko huo umekauka usoni kwa bi harusi mtarajiwa kama saruji, kuutoa ilikuwa shughuli.

Jua

Dada yangu anaishi Muheza, mwanawe wa tatu ana ualbino. Yuko darasa la tatu, ananiita mama mdogo, na ndiye aliyenifundisha mambo ya jua kuliko kitabu chochote. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna kinga ya kuzaliwa nayo. Yeye hana. Jua la saa sita hapa karibu na Ikweta, kwenye kile kipimo cha mionzi kinachoanzia sifuri, hufika 11 na kuzidi, na huo ndio ukali wa juu kabisa. Kwa watu wenye ualbino saratani ya ngozi si hadithi ya uzeeni, huwapata vijana.

Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya jua kwa ajili yao, yanaitwa Kilisun, na hugawiwa bure kliniki. Yakiisha kabla ya tarehe, dada hunipigia nami hutafuta ya zinki. Zinki inafaa kwa sababu inazuia mionzi ya aina mbili: ile fupi inayounguza ngozi, UVB, na ile ndefu inayopenya ndani zaidi, UVA. Watu husema inairudisha mionzi kama kioo. Ukweli sehemu ndogo tu hurudishwa, iliyo nyingi zinki huinyonya yenyewe na kuigeuza joto dogo usilolisikia.

Cha kuangalia kwenye kopo: SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, maneno broad spectrum (yaani yanazuia UVA na UVB), na tarehe. Krimu ya nepi haihesabiki kuwa mafuta ya jua hata kama ina zinki asilimia 40. Haijapimwa kwa kazi hiyo, na unga wake unaweza kuwa umejikusanya mabongemabonge na kuacha vipenyo usivyoviona. Hali kadhalika mafuta ya kujikorogea nyumbani kwa unga wa zinki na mafuta ya nazi. Kwenye simu wanaonyesha ni rahisi. Kukoroga ni rahisi kweli, kupima kinga yake ndiko kusikowezekana jikoni.

Kiasi, tena, ni kingi kuliko unavyodhani. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili kwenye kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina mpaka ncha. Weka vitone paji la uso, mashavu, pua, kidevu, kisha tandaza. Mtoto wa dada hupakwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya shati la shule, ili kola isifute. Sehemu zinazosahauliwa ni nyuma ya masikio, juu ya masikio yenyewe, kisogoni, midomo, viganja kwa nyuma, na juu ya nyayo kwa anayevaa kandambili. Dada alisahau masikio muhula mmoja mzima. Ncha za juu zilitoka magamba, zikawa hazikauki, mpaka daktari wa ngozi akazigandisha kwa baridi kali. Sasa mtoto mwenyewe ndiye anayeshika masikio yake na kusema "na hapa."

Rudia kila baada ya saa mbili akiwa nje, na mara moja akitoka kuoga au akitoka jasho la mpira. Na mafuta hayo ni ya tatu kwa umuhimu. La kwanza ni kivuli na kubadilisha saa za kucheza, la pili ni pama yenye ukingo mpana na mikono mirefu. Mwalimu wake alikubali akae mbali na dirisha na paredi asimame chini ya mwembe. Hilo halikugharimu hata shilingi.

Usipake zinki na mafuta mengine ya jua ya kemikali kwa pamoja ukidhani unaongeza nguvu. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani na Uingereza walionyesha kuwa zinki oksaidi ikichanganywa na vichujio fulani vya kemikali, baada ya saa mbili za mionzi kinga ya UVA hushuka sana. Chagua moja.

Je, wewe na mimi wenye ngozi nyeusi tunaihitaji? Nitasema ninavyoona, ingawa ni hasara kwa duka langu: kama huna tatizo, fedha ya mafuta ya jua kila mwezi ina matumizi mengine. Lakini kama una madoa ya usoni yaliyokuja na ujauzito, kovu jipya la moto, ugonjwa wa lupasi, au umeandikiwa doksisaiklini ambayo huifanya ngozi iogope jua, basi yatumie. Kwa madoa, tafuta yenye rangi ya kahawia iliyotokana na oksidi ya chuma, kitu kilekile kinachofanya udongo wa Usambara kuwa mwekundu. Hiyo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao zinki nyeupe haiuzuii vya kutosha na ambao hukoleza madoa kwa watu weusi. Isitoshe, hutatoka nyumbani ukiwa kama umeangukia gunia la unga. Ile nyeupe kwa ngozi yetu, tusidanganyane, inachekesha.

Na weupe huo ndio mlango wa matapeli. Mtu akipaka zinki anaonekana mweupe, basi wanaiuza kama ya kung'arisha. Zinki oksaidi haing'arishi ngozi hata kidogo, ukinawa umerudi ulivyo. Ukipewa kikopo kisicho na lebo, kinaitwa zinki, na baada ya wiki ngozi imeanza kubadilika rangi kweli, hiyo si zinki, ndani yake kuna zebaki, haidrokwinoni au dawa za steroidi. Ni mkorogo uliovalishwa jina la heshima.

Hatari zake za kweli

Ngozini ni pole, kifuani si pole. Mafundi wa mageti hapa mtaani wanaijua bila kujua jina lake. Mabomba na mabati yamepakwa zinki, na wakiyachomelea hutoka moshi mzito mweupe. Moshi ule ni zinki oksaidi. Aliyeuvuta mchana, jioni anatetemeka kwa homa, mdomo una ladha ya chuma, mwili unauma kama malaria, na kesho au keshokutwa imeisha. Wao hunywa maziwa kujikinga. Maziwa hayaendi kwenye mapafu, jamani, kinachosaidia ni kufanya kazi penye hewa na kuvaa kifaa cha kupumulia. Ninalitaja hili kwa sababu ya wanaonunua unga mkavu wa zinki, au ya kupuliza: usimpulizie mtoto usoni, usimwagie unga matakoni kama poda. Iliyokwisha kuchanganywa na mafuta haipeperuki.

Moto. Marhamu nyingi zimejengwa kwa mafuta ya mgando, nayo yakinywewa na shuka, khanga au chandarua, kitambaa hushika moto upesi zaidi. Mgonjwa aliyepakwa asikae karibu na jiko la mkaa, mshumaa wala sigara. Fua vitambaa hivyo kwa maji moto na sabuni ya unga, ujue kuwa hata vikifuliwa mabaki hubaki.

Karanga. Baadhi ya marhamu za zinki na mnyonyo zina mafuta ya karanga, kwenye lebo huandikwa arachis oil. Mwenye mzio wa karanga aulize kabla. Na yeyote mwenye ngozi inayokasirika haraka ajaribu kidogo ndani ya kiwiko, angoje siku mbili. Mara nyingi kinachomkera mtu ni manukato au lanolini iliyomo, zinki yenyewe ni nadra.

Mtoto akilamba iliyo kidoleni, mfute mdomo, mpe maji, usitie hofu. Akila kikopo kizima atatapika, mpeleke hospitali pamoja na kikopo chenyewe ili waone kilichomo.

Kuhifadhi: makopo mengi yanataka chini ya nyuzi 30, na chumba cha bati hapa Pongwe mwezi wa pili kinapita hapo saa nne asubuhi. Weka kopo chini, karibu na mtungi wa maji, siyo dirishani wala kwenye boksi la bodaboda. Chota kwa kijiko au kidole kilichooshwa. Ukifungua ukakuta mafuta yamejitenga juu na unga umeganda chini kama udongo, usikoroge upya. Asilimia iliyoandikwa kwenye kopo haipo tena humo, tupa ununue lingine, na uchukue dogo.